Mawe ya Kuazima Kando ya Kidimbwi

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Binti yangu Mary Ann amesema nisimpigie simu kila saa, nikipata wasiwasi niandike kwa daftari. Mimi najua kuandika barua tu. Basi salamu kwako, daftari. Hapa Kibomet mimi Wakonyo ni mzima ila magoti. Ng'ombe ni mzima. Bata ni wazima, wanakula kuliko mimi. Mzee wangu Ngari, marehemu, yuko ukutani kwa picha, ametulia. Salamu zifike Kamukuywa: kwa Mary Ann, kwa mume wake Dancan, na kwa mama ya Dancan, Everlyne, hata yeye. Na kwa mjukuu wangu, Wakonyo mdogo. Kwetu ukipewa jina la mtu, wewe ndiye huyo mtu. Kwa hivyo nimeanza kutembea huko Kamukuywa na sijajiona. Nilijibeba mara moja tu, nikiwa mchanga.

Jumamosi wanakuja. Lakini Mary Ann anaogopa kidimbwi cha bata. Kama hakijazungushiwa kitu, atakuja peke yake, mtoto abaki na Everlyne. Ati Everlyne ameshajitolea. Angekosaje! Kukifukia siwezi. Kilichimbwa na Ngari.

Jumanne, 12 Agosti

Mpango. Jirani yangu Jerop amerundika mawe ya kujenga jikoni. Fundi wake anaanza Jumatatu. Nimemwomba aniazime mpaka Jumapili. Amekubali, bora nisiweke simiti, anataka mawe yake vile yalivyo. Nimeapa.

Nikayapanga kuzunguka maji mpaka yakafika magotini. Nikayasukuma na mguu, vile Mary Ann atafanya. Yakaingia majini. Mimi pia.

Jumatano, 13 Agosti

Nilikuwa nawaza: kitu gani kinashika halafu kinaachia? Asubuhi nikiosha sufuria ya jana, nikaona. Ugali! Ukikauka hata kisu hakiutoi. Ukiloweka, unaachia wenyewe. Si hiyo ndiyo simiti ya mawe ya kuazima? Nikasonga kwa sufuria ya harusi. Kabiru fundi akapita akauliza nangoja wageni wangapi. Nikamwambia aende zake.

Nikapaka katikati ya mawe. Jioni hayatingishiki. Nimecheka peke yangu. Nikamweleza Ngari pia, pale ukutani.

Alhamisi, 14 Agosti

Bata. Na mbwa wa Kibomet yote. Mvua ikamaliza kilichobaki.

Everlyne amenitumia picha: mtoto amekaa kwa zulia lake, anacheka. Ameandika nisijisumbue, kwake hakuna maji ya kuanguka. Nimeangalia hiyo picha mpaka simu ikazima. Masikio ni yangu.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimeita Kabiru. Akasema tutie simiti kidogo kabisa na mchanga mwingi. Itaonekana imeshika, lakini ukigonga na nyundo inaachia, na Jerop hatajua. Akachanganya, akaniachia nipake. Nikaangalia. Mchanga mtupu. Nikawaza mtoto ameegemea. Nikaongeza simiti kidogo. Nikawaza tena. Nikamaliza mfuko.

Jumamosi, 16 Agosti

Wamekuja wote wawili. Mary Ann akapiga mawe teke, akashika kidole cha mguu. "Mami, hii imeshika kweli," akasema.

Mtoto alinikataa. Nikimwita analia. Nikimpa ndizi anaitupa. Nikaenda kukaa kwa kiti changu nikanyamaza. Ndipo akatoka mlangoni akitembea, pole pole, mpaka kwangu, akashika leso yangu, akapanda, akalala kwa paja. Chai yangu ikapoa. Mguu ukafa ganzi. Sikuusogeza.

Saa ya kwenda Mary Ann alimchukua akiwa bado amelala. Paja lilibaki na joto kidogo. Halafu likapoa nalo.

Jumatatu, 18 Agosti

Fundi wa Jerop amekuja na nyundo. Mpini umevunjika. Mawe yako palepale. Jerop akaokota kile kipande cha mpini, akanionyesha.

"Mama Mary Ann, kwa hivyo nikapikie kando ya bata wako?"

Nikamwambia angoje. Nikabomoa ukuta wa nyuma wa jikoni kwangu. Huo ulijengwa na udongo, mawe yake yanatoka kwa mkono tu. Nimempa yote, amechukua. Sasa napika na upepo.

Jioni Mary Ann amepiga simu mwenyewe. Desemba watakuja walale wiki nzima! Bora tu moto wa jikoni uzibwe vizuri, mtoto asiufikie. Nimemwambia jikoni ni kuzuri kabisa.

Chepkemei wa ng'ambo ya barabara ana mabati mapya ya choo. Anayahitaji Januari. Amekubali kuniazima, bora nisiyatoboe. Nimeapa. Nitapiga misumari kidogo tu.

Halafu nimemtumia Mary Ann meseji: nijibu haraka, Desemba mtakuja tarehe gani, na je, leo nimetembea mpaka wapi?