Ukurasa Wenu wa Kiharusi Haupigi Kelele

Kwa Ndugu Mwandishi wa ukurasa wa kiharusi,
Tovuti ya Hospitali.

Salamu zikufikie ukiwa mzima pande zote mbili, kulia na kushoto.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nimeishia darasa la saba na simu yangu ina ufa. Kwa heshima nalalamika kwamba ukurasa wako ni wa kweli lakini hauna mvuto, na umesababisha nifukuzwe kwenye kundi la familia la simuni.

Mama mkwe wangu ni mshonaji. Jumanne asubuhi yeye alikuwa kwenye cherehani, mimi napiga pasi. Akaniomba mkasi, neno likatoka limelegea. Nikamtazama, mdomo umeshuka upande mmoja kama pindo lililofumuka. Nikakimbilia simu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Umechelewa kutokea. Niliuliza kundini, na mjomba, kaka yake mama mkwe, akawahi. Ni fundi makufuli, tunamwita Sambaza kwa sababu hakuna ujumbe uliowahi kufia kwenye simu yake. Akasema nimchome mama sindano vidole vyote kumi hadi damu itoke, nimnyweshe maji ya limau, halafu ujumbe huo niwatumie watu ishirini. Ndugu, kwenye nyumba ya mshonaji sindano si shida. Nilikuwa nayo mkononi. Nilipotafuta mtandaoni, wewe nilikukuta chini kabisa, baada ya video ya mwanamume anayelia na tangazo la muuza dawa za chupa. Umevaa kijivu, umetulia tuli.

2. Huuzi kitu. Nilishuka hadi mwisho nikitafuta namba ya kuagizia, nikakuta jina la daktari, tarehe mliyopitia upya, na mahali mlikotoa maelezo. Mjomba anasema mwenye uhakika haandiki tarehe.

3. Ni mfupi mno. Unasema tu: mwambie mgonjwa acheke, ainue mikono yote miwili, aseme sentensi. Kimoja kikigoma, hospitali sasa hivi, hata kama baadaye kitarudi sawa. Usimpe chakula, maji wala dawa. Andika saa ilipoanza. Basi. Mtu nimepaniki, nataka kufanya jambo kubwa, unaniambia niite gari. Nikaichomeka sindano kwenye pazia.

4. Hukusema saa niiandike wapi. Mtoto yuko mgongoni, kalamu haionekani, nikachukua chaki ya kushonea nikaandika kwenye mkono wa gauni la mama: saa nne na dakika kumi. Hospitalini daktari akauliza ilianza saa ngapi. Mume wangu akaangalia dari, wifi akaanza kulia, mimi nikaunyoosha mkono wa gauni. Daktari akasema tumewahi, dawa yake haitolewi bila kujua saa ilipoanza. Lakini mjomba akaandika kundini kwamba nimemchora dada yake kama kiroba cha unga, kisha akanitoa.

Kwa hiyo naomba ukurasa ubadilishwe. Uweke herufi nyekundu. Uweke na mtu analia pale mwanzoni. Useme madaktari wanatuficha, na kwamba asiyesambaza atapooza kabla ya Ijumaa. Ikibidi uza chupa, hata iwe tupu. Ukweli ubaki uleule, ila uvishwe nguo za uongo ili mjomba aupokee. Maana mjomba mwenyewe ana presha, na siku akianguka, mkewe atakwenda kutafuta sindano. Nampenda mjomba wangu, ingawa kundini hanioni.

Nisalimie daktari mwenye jina, wauguzi wote, mlinzi aliyenishikia mtoto, na aliyechagua ile rangi ya kijivu, namsamehe.

Ni mimi mwenye matumaini,
Mama Kibonge

N.B. Usibadilishe kitu. Kabla sijatuma barua hii, mjomba amekuja kumwona dada yake. Mama mkwe, ambaye maneno yanamrudia moja moja, akamwambia, "Cheka." Akacheka. "Mikono." Akainua. "Sema." Mjomba, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akakosa la kusema, akabaki anafuta machozi. Mama mkwe akanigeukia, "Chaki."

Jioni nimerudishwa kundini. Nimekuta ukurasa wako, kijivu vilevile, umetumwa na mjomba kwa kila mtu. Amefuta jina la daktari akaweka lake. Tarehe ameiacha.