Ukoo Wangu Wote Ndani ya Kompyuta

Jumatatu, 9 Juni

Baridi. Mlima Meru haujaonekana tangu wiki iliyopita, umejifunika mawingu kama mtu asiyetaka kwenda kazini. Nauelewa kabisa.

Bosi Reginald ametuita mimi na Nasieku. Anataka kuteua mkuu wa mifumo. Kampuni yetu ya Njiro inapeleka watalii mbugani na ina waandishi wa programu wawili tu. Mimi ndiye niliyeijenga programu ya kupanga magari, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Ruby, tangu ofisi ikiwa kontena. Nasieku ni binti wa Oldonyo Sambu aliyekuja juzi juzi na bado anawaamkia walinzi wote kwa zamu. Cheo kilikuwa changu. Nilishamwambia shangazi Tekla kwamba ni changu, naye ameutangazia ukoo mzima, hadi kwetu Machame!

Sasa eti tunashindanishwa. Ijumaa kila mmoja atarekebisha kosa kwenye kazi ya mwenzake, mbele ya Bosi. Kabla ya hapo, kila asubuhi tutaangalia masomo ya mtandaoni ya kuandika Ruby vizuri. "Nataka mtu ambaye akiumwa kesho, kazi haiumwi naye," amesema Bosi.

Nimewaza njia nzima ya kurudi. Nasieku akishindwa kuielewa kazi yangu, Bosi ataona kwamba bila mimi hakuna kampuni. Rahisi. Nimechoka, lakini ni rahisi.

Jumanne, 10 Juni

Somo la leo: gawa programu katika vipande vifupi, na jina la kila kipande liseme kazi yake. Mwalimu wa kwenye video hana haraka hata kidogo. Nasieku aliandika kila neno. Mimi nilisinzia, na katikati ya usingizi akili ikanijia. Majina!

Nimeyabadilisha yote. Kipande kinachokataa maombi yasiyokamilika sasa kinaitwa shangazi_tekla, maana shangazi hajawahi kukubali jambo mara ya kwanza. Kinachochukua gari kwa ajili ya kundi bila kurudisha jibu lolote ni mjomba_gerson. Toroli letu liko kwake tangu nikiwa shule ya msingi. Kinachotuma barua pepe kwa kila mtu ni binamu_jackline. Na kile kinachomeza makosa yote na kusema mambo ni shwari, hicho ni shemeji_hans.

Kila jina linasema kazi yake. Kwangu mimi. Somo limezingatiwa. Mgongo unauma.

Jumatano, 11 Juni

Somo: usimeze makosa. Acha programu ipige kelele mapema ili ujue pa kurekebisha. Upuuzi. Kelele zinachosha watu. Nimempa shemeji Hans kazi zaidi, sasa kila kipande kinapita kwake. Kimya kizuri sana.

Mchana Nasieku alikuja mezani kwangu na kikombe cha chai ya tangawizi. Aliuliza kwa adabu Tekla ni nani. Nikamjibu ni shangazi yangu, naishi kwake Kijenge. Akauliza kama ni mkali. Nilicheka hadi nikakohoa. Alionekana amechoka kuliko mimi, macho mekundu, nikamwonea huruma. Halafu umeme ukakatika na huruma ikaisha.

Alhamisi, 12 Juni

Nimerudi nyumbani nimemkuta Nasieku sebuleni! Amemletea shangazi maziwa mgando ya kwao, kwenye kibuyu. Shangazi, ambaye wageni huwapa chai ya rangi ili wasikae sana, alikuwa ametoa vikombe vya kabatini.

Nilielewa mara moja. Ama binti ananipenda, ama amekata tamaa na anatafuta huruma. Vyote vinanifaa. Alikuwa anaulizia habari za ukoo, kama mgeni aliyelelewa vizuri anavyoulizia, na shangazi alikuwa anammwagia zote. Toroli. Posa ambayo Jackline aliitangaza kabla mposaji mwenyewe hajaamua. Kuhusu Hans shangazi alikosea, ikabidi nimsahihishe. Jiko liliposhika moto siku ya kipaimara, Hans hakwenda kutafuta maji. Alisema hakuna shida, akafunga mlango wa jiko ili wageni wasione moshi.

Nasieku akauliza kama ndiyo tabia yake. Nikamwambia siyo tabia, ni kazi yake. Tulicheka wote watatu. Jioni nzuri. Alipoondoka, shangazi alisema binti huyo ana malezi, jambo ambalo kuhusu mimi hajawahi kulisema.

Ijumaa, 13 Juni

Nilianza mimi. Kwenye kazi ya Nasieku, siku za safari zilikuwa zinahesabiwa pungufu. Nikafungua. Vipande vifupi vifupi. hesabu_siku. tafuta_gari_lililo_wazi. Pembeni yake ameweka majaribio ya kukagua kila kipande, na moja lilikuwa linawaka jekundu palepale penye kosa. Nimerekebisha kabla chai haijapoa! Nikasimama nipongezwe. Bosi akampongeza Nasieku.

Nilidhani amechanganya majina.

Kisha zamu yake. Kwenye kazi yangu, gari moja lilikuwa linapewa makundi mawili. Nilikaa nikakunja mikono. Nasieku hakupapasa popote, alikwenda moja kwa moja kwa Hans. "Kaka Ephraimu, samahani, shemeji nimemtoa," alisema. "Alikuwa amefunga mlango." Skrini ikajaa makosa ya miaka yote niliyofanya kazi hapa. Akaenda kwa mjomba Gerson, akamlazimisha kurudisha jibu kila anapochukua gari. Mstari mmoja. Ikaisha.

Bosi akauliza huyu Hans ni nani na nani anamlipa. Halafu akamtangaza Nasieku kuwa mkuu wa mifumo. Nilipiga makofi pamoja na wengine. Nimeumia. Programu ile niliijenga peke yangu, na leo nimeiona ikifunguka kwa mgeni zaidi kuliko kwangu.

Jumamosi, 14 Juni

Bosi, aliyesimuliwa yote na Nasieku, amempigia shangazi simu kumshukuru kwa msaada wake kwa kampuni. Shangazi akanijia, akataka kujua yeye anafanya kazi gani humo ndani ya kompyuta. Nikasema anakataa. Nikaomba chai. Akakataa.

Kufikia saa sita Jackline alikuwa ameshawaambia wote. Mjomba Gerson ametuma ujumbe kwamba baada ya dharau hii, habari za toroli tusahau.

Nimelala mchana kutwa. Hata usingizi umenichosha.

Jumatatu, 16 Juni

Nasieku, ambaye sasa ni mkuu wangu, ameniagiza niwaondoe ndugu wote kwenye programu na kuweka majina yanayosomeka. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma. Akaongeza kwamba chini ya yale majina kazi yangu ni nzuri, na ingemsikitisha ipotee kwa sababu hakuna anayeweza kuisoma. Nilimshukuru. Nilikuwa namaanisha, hadi wakati wa chakula cha mchana.

Wakati nakula nikaona kosa langu lilikuwa wapi. Ndugu! Ndugu wana nyumba, na nyumba hutembelewa. Lakini nani ataanza kuwachunguza wazee wa usharika, kanisani kwetu? Nimeanza upya. Kipande kinachokagua kila kitu mara mbili ni mzee_nathanael wa hazina. Kinachoanza kabla ya wengine kuwa tayari ni mama_nice wa kwaya. Kisichojua pa kuishia ni mzee_simel akishika kipaza sauti. Safari hii hakuna atakayeingia.

Wakati wa kutoka Nasieku aliniuliza ibada yetu ya kwanza inaanza saa ngapi. Nimemwelekeza vizuri, hadi mlango wa kuingilia. Inatia moyo kuona kijana anamtafuta Mungu.