Homa Yangu ya Butembo

Jumatatu, 8 Februari
Malori yamefika! Hospitali nzima ya dharura, ya kutenga bagonjwa ba homa mbaya, imelala ndani vipande vipande: kuta, dari, milango, madirisha ya plastiki. Hakuna matofali, ni kukaza bulons kwa spana tu. Mimi Xavier, logisticien kutoka Kananga, ndiye nachunga vipande vyote. Lakini salamu zote ni za Siméon, mukubwa ya mafundi, kwa sababu ni mutoto ya hapa. Saa sita mafundi balikula fufu pamoja. Mimi nilijifanya nahesabu bulons mupaka sahani ikaisha.

Jumatano, 10 Februari
Kuta zote zimesimama. Juzi palikuwa majani tu! Mwaka muzima niko Butembo, hakuna hata mutu mumoja alishafika kwangu. Leo bagonjwa ba kwanza baliingia, kila mumoja na chumba yake. Inje ya dirisha, ndugu zake na chakula. Banaongea naye, banacheka naye kupitia plastiki. Nilisimama naangalia. Wivu ulinishika, sifichi. Donc basi, nimepata akili!

Alhamisi, 11 Februari
Imefaulu! Niliegemeza paji la uso kwa sufuria ya chai ya moto, nikapita mbele ya thermoflash ya kupima homa. Ikalia. Nadège, infirmière wa kutunza bagonjwa, aliruka nyuma. Niko chumba cha tatu, nabaki mupaka vipimo viwili vya damu vitoke. Nasubiri bageni.

Ijumaa, 12 Februari
Hakuna mugeni. Siméon alipita, akanipungia spana, akaenda kukaza mulango wa choo. Nadège amejifunika kichwa mupaka miguu, hata uso wake sioni. Akauliza garde-malade yangu ni nani, mutu wa kuniletea chakula na kukaa dirishani. Nikajibu bibi yangu iko njiani. Sijaoa!
Kisha nikageukia ukuta, nikalia kweli.

Jumamosi, 13 Februari
Mama Kahongya, wa kijiji cha Kalunguta, analinda binti yake Falonne, chumba cha jirani. Alipita dirishani kwangu na kikapu, akauliza bibi yangu iko wapi, maana Nadège alimuambia. Nikasema bado njiani. Akaniangalia sana.
“Basi, mutoto yangu, leo utakula na Falonne.”
Sombe, majani ya muhogo, na fufu! Nadège aliniingizia sahani chumbani. Mama akavuta kiti katikati ya madirisha yetu mawili, akaongea mupaka jioni: mihogo, bajirani, kuku. Nilimuuliza mambo mengi ya kuku ili asiondoke.

Jumapili, 14 Februari
Malheur, bahati mbaya! Vipimo vimetoka. Falonne hana ugonjwa. Mimi pia sina. Mama aliimba, akacheza, akamushukuru Mungu kwa ajili yetu wote. Nilijaribu kukohoa. Nadège akaniambia nitoke haraka, mugonjwa mwingine amelala inje anangoja kitanda. Nilitoka polepole.
Kabla ya kupanda pikipiki ya kurudi Kalunguta, Mama alinigeukia. “Kuja kwetu. Uliza nyumba ya Kahongya, batakuonyesha.”

Jumatatu, 15 Februari
Kimya kwangu. Hata redio nimechoka nayo. Nilimweleza Nadège mupango mupya: tupeleke hospitali kama hii Kalunguta, mimi nikiwa musimamizi. Akauliza kama kule kuna homa. Nikasema bado. Akaniambia niache mambo mengi, nipande tu pikipiki nikamusalimie yule mama, hata leo.
Nadège hajui maisha. Mutu anaenda aje kwa batu bila kazi ya kumupeleka? Nimeshaanza kuchora kuta za hospitali ya Kalunguta.