Asidi Amino Juu ya Sufuria

Jumatatu, 12 Februari 2024
Vipimo vimetoka. Aurélie, mke wangu, hana tatizo. Mimi: mbegu chache, tena zinatembea kivivu. Mama Laurence wa labo amesema nisikate tamaa, nile vizuri, nirudi baada ya miezi mitatu. Nile vizuri! Mama mkwe, Mama Bulonza, amepiga simu kutoka Bukavu. Mwezi wa tano atapanda meli aje kuketi na familia. Miaka minne ya ndoa bila mutoto inatosha. Kama hakuna tumaini, atarudi na binti yake. Napiga mstari chini: HATARUDI NAYE.

Jumatano, 14 Februari
Nimenunua kopo la poda kwa Jafari, anayefundisha vijana kunyanyua vyuma kule Kyeshero. Mikono yake minene kama mapaja yangu. Asidi amino tupu: arjinini, karnitini. Kijiko kimoja kwa siku katika glasi ya maji. Lakini mimi ni mtu wa utaratibu. Poda ikipita tumboni, itaijuaje njia? Bibi yangu alitibu kila ugonjwa kwa kufukiza. Basi: kijiko kimoja mdomoni, kingine ndani ya sufuria ya majani ya mkaratusi yanayochemka. Nakaa juu yake kwenye kigoda nilichokitoboa katikati, blanketi hadi shingoni, dakika arobaini kila jioni. Mvuke uwafikie wahusika moja kwa moja.

Jumapili, 25 Februari
Achille, mdogo wake Aurélie, amekuja na mapacha wake. Mtaa wetu mzima wa Katoyi unamwita Papa Mapasa, baba wa mapacha. Kila mwanaume wa avenue yetu ni Papa Fulani. Mimi peke yangu naitwa Monsieur Balagizi, kwa sauti ya msibani. Alinikuta chini ya blanketi. Akauliza: shemeji, kuku ataiva saa ngapi? Mapacha wakacheka. Wana mwaka mmoja na nusu, wanajua nini? Nimeongeza dakika kumi.

Jumatano, 20 Machi
Nimeungua paja la kushoto. Kazini, kwenye ofisi ya komine, natembea kama bata. Aurélie amenisihi niache, nile maharagwe na sambaza, visamaki vya ziwani, kama watu, asidi amino zimo humo humo. Nani kamfundisha? Mama Laurence! Kumbe wananijadili. Jafari hajengi mikono ile kwa sambaza. (Hana mutoto, lakini pia hajaoa.) Naendelea.

Ijumaa, 10 Mei
Kipimo cha pili. Zimepungua nusu. Nusu! Mama Laurence aliitazama karatasi, akanitazama, akauliza kama nafanya kazi kwenye tanuri la mikate. Nikakana. Aurélie akamweleza yote, pamoja na kigoda. Mama Laurence akavua miwani, akafuta machozi. Akasema poda wataalamu bado wanaibishania, pengine inasaidia baadhi ya watu kidogo. Moto hakuna anayeubishania: mbegu haziupendi, ndiyo maana Mungu alizitundika nje. Niache mvuke, nisubiri miezi mitatu mingine.
Kesho Mama Bulonza anafika. Sikula chochote.

Jumamosi, 11 Mei
Kikao. Mama Bulonza hakugusa hata chai. Akamwambia Aurélie alete valizi ya nguo zake. Aurélie akasimama, lakini mkononi alikuwa na zile karatasi mbili za labo. Akasema: mama, huyu bwana hakuharibika. Amepikwa. Mimi namungoja apoe.
Achille alianguka kutoka kwenye kiti kwa kicheko. Mama Bulonza alijifunika kitenge usoni, mabega yakatikisika. Nimepewa hadi mwezi wa nane. Aurélie akakitia kigoda kwenye makaa mbele ya wote. Nilitaka kumwambia asante. Nikasema kile kilikuwa kigoda cha mti mzuri.

Jumapili, 12 Mei
Nimefikiri misa nzima. Kosa halikuwa la poda, wala la mbinu. Lilikuwa la mwelekeo tu. Moto unapunguza; basi baridi inaongeza! Mbona hakuna aliyeliona hilo? Nimechukua barafu kwa wauza samaki wa soko la Kituku, beseni zima. Vijiko viwili vya poda juu yake. Naandika nikiwa nimekaa humo. Dakika ya thelathini na tano. Sisikii tena mguu wowote. Dalili nzuri.
Aurélie anagonga mlango, anauliza nafanya nini humu. Nimemjibu: napoa, mama, kama ulivyosema.