Kura Iliyopigwa Nikiwa Msalani

Kwa Ndugu Mkuu wa Maabara ya Wanyama,

Pokea salamu zangu, na poleni na kazi.

Jumamosi iliyopita nilipoteza uenyekiti wa chama chetu cha mafundi seremala, nikiwa msalani. Niliinuka katikati ya ajenda ya tatu, niliporudi nikakuta makofi. Nikadhani wananipokea. Kumbe wanampongeza mpinzani wangu, fundi wa majeneza, mtu ambaye hakuna mteja wake aliyewahi kurudi kumsifu. Ndugu, kiti kile nimekikalia miaka kumi na mmoja, na nilikiranda kwa mikono yangu mwenyewe.

Nimechunguza chanzo, nikakuta ni panya wenu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlipoagiza kwangu vizimba vya panya, daktari wenu, yule dada mwenye miwani, alikuja karakana akanieleza kazi yake. Kwamba panya dume mnawatia uvimbe kwenye tezi dume kwa makusudi, kisha mnatazama kibofu kitafanya nini. Kwamba panya mzima huacha madoa machache makubwa kwenye karatasi chini ya kizimba, lakini aliyevimba tezi hunyunyiza madoa madogo madogo kila kona, na kibofu hata hakijajaa. Kibofu chenyewe hakijaguswa! Ila tezi na kibofu ni majirani, wanachangia mishipa ya fahamu. Moto ukiwaka kwa huyu, kelele anapiga yule. Nilielewa upesi. Karakana yangu imepakana na ya mchomeleaji: yeye akiwasha mashine, taa zinazofifia ni zangu.

2. Nami sasa ni madoa madogo madogo. Naenda mbio kama zimamoto, natoa kijiko cha chai. Nikigeuka tu, naitwa tena. Hesabu ni nyepesi: panya wanaugua, vizimba ni vyangu, mimi naugua. Kwa hiyo panya wameniambukiza.

3. Panya akikojoa, watu wenye shahada wanainama, wanapima, wanafurahia doa. Mimi nikikojoa, mafundi wanagonga mlango kwa nyundo: "Mwenyekiti, umehamia huko? Tukuletee godoro?" Hii ni haki?

4. Sijasikia panya hata mmoja aliyevuliwa cheo kwa sababu ya kibofu.

Kwa hiyo naomba mkiandikie chama changu barua yenye muhuri, kwamba kura ile ni batili kwa kuwa mgombea mmoja alikuwa ndani ya utafiti. Ikishindikana, niandikisheni rasmi. Kizimba nitajitengenezea, karatasi nitakuja nayo. Sharti langu ni moja: msiniweke kundi la kuvimbishwa, hilo nimeshalimaliza mwenyewe. Niwekeni kundi la wanaopewa dawa.

Mke wangu anasema niende kwa daktari wa watu. Nimemwambia daktari wa watu huvaa glavu na kuuliza maswali, ilhali panya haulizwi kitu. Mimi nimejijenga kwa jasho langu, ndugu; sijazoea kukaguliwa kwa nyuma kama kabati.

Nisalimieni wote hapo: mlinzi wa getini, mfagiaji, dada wa miwani, na panya wenyewe, hasa wale wa madoa madogo. Waambieni niko pamoja nao.

Ndimi wenu, nisiyekaa kitini,
Fundi wa Vizimba
(Mwenyekiti, hadi Jumamosi)

Yaliyobaki: Mke wangu ameisoma barua hii akacheka mpaka akakaa chini. Ananikumbusha kwamba vizimba vilipelekwa na shemeji kwa pikapu yake. Mimi kwenu sijawahi kukanyaga, wala panya wenu sijamwona hata mkia. Na shemeji huyo, aliyeingia mpaka ndani ya chumba cha panya, hukojoa asubuhi basi, kama ngamia. Tena mke wangu anasema nilianza kuamkaamka usiku kabla hamjaagiza hata kizimba kimoja, ndiyo maana tulibadilishana upande wa kitanda, nilale karibu na mlango. Hilo siwezi kulikana. Amenipangia miadi ya daktari Alhamisi saa nane mchana, na amesema atanisindikiza mwenyewe nisije nikapotea njiani.

Basi ya muhuri yaacheni. Nijibuni swali moja tu, kabla ya saa hiyo, bila maneno ya kitaalamu: uvimbe ukitulizwa, kibofu cha panya hurudi kuwa kama zamani? Ndiyo au hapana.