Kibuyu cha Baba Mkubwa Kimepigwa Mnada

Leo nimevuliwa nguo na kibuyu.

Nguo za heshima, nasema. Suruali ninayo (iko kwenye beseni, imelowekwa, ina asali). Naandika haya nimejifunga shuka, nimechoka kama niliyelima shamba zima peke yangu, na ninyi marafiki zangu wa humu mmeshakula pilau zenu mmelala chali. Basi sikilizeni. Ila taratibu, kichwa kinaniuma.

Kwa msiomjua, nina Baba Mkubwa hapa Singida mjini, kaka yake marehemu baba. Ana mashine za kukamua alizeti. Ana malori ambayo ukikaa Shelui, kando ya barabara kuu, kunywa chai, chai haijapoa moja limeshakupita. Ndiye aliyenisomesha. Nilipoacha kazi ya kufundisha ili niandike riwaya, ukoo mzima ulipiga kelele. Yeye alicheka tu, akaniita "Mwandishi", na jina likaganda. Na kila Krismasi, tukikutana kwake kula, wakati wa kuagana hunipapasa bega na kunitia kitu mfukoni. "Andika, mwanangu, andika."

Kila mwaka natoka getini kwake mfuko ukiwa mzito na mimi mwenyewe nimekuwa mwepesi, kama pumba zinazosubiri upepo.

Mwaka huu nikaapa. Mara moja tu, mbele ya wote, mkono wangu uwe juu na wake uwe chini. Mara moja!

Sasa unampa nini mtu mwenye kila kitu, wakati wewe una kila kitu kasoro hela? Shati? Mashati yake yana vifungo vya thamani kuliko viatu vyangu. Biblia? Anazo za kutosha kufungua usharika. Nilifikiria kumpa muswada wa riwaya yangu, nimeufunga utepe. Nikamuuliza Dada Joyce, binti yake mkubwa.

"Una kurasa ngapi?"

"Mia nne na kidogo."

"Hiyo si zawadi, mdogo wangu. Hiyo ni adhabu."

Nikaenda duka la Mhindi mmoja pale mjini, mzee mpole, ananijua tangu nanunua madaftari. Nikashika chupa ya chai yenye maua. Nzuri! Bei yake haikuniumiza sana.

"Ya nani?" akauliza.

Nikamtajia.

Akaipokea chupa mkononi mwangu taratibu, kama mtu anayempokonya mtoto kisu. "Huyu huchukua katoni nzima kila Desemba. Anagawa kwa wapakia magunia."

Nikatoka. Manyunyu yalikuwa yanadondoka, mawe makubwa ya mji wetu yameloa na kung'aa kama migongo ya ng'ombe, nami nikasimama katikati ya barabara kama mbuzi aliyesahau kwao. Ndipo nikakumbuka. Kuna siku Baba Mkubwa aliionja asali ya dukani, akaisukuma pembeni. "Asali ya kwenye plastiki," alisema, "tamu, lakini haikumbuki chochote."

Haikumbuki chochote! Na mwandishi anaambiwa ni mimi.

Jana nikapanda boda mpaka Mgori, kule karibu na msitu, kwa mama mmoja ambaye mumewe ana mizinga. Asali alikuwa nayo kwenye madumu. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kibuyu kilichoning'inia ukutani, cheusi kwa moshi na miaka, shingo imepindika kidogo kama mtu anayesikiliza, kimezibwa kwa gunzi la muhindi.

"Nauza asali," akasema. "Kibuyu siuzi."

"Mama, bila hicho kibuyu, asali ni asali tu."

"Na ndiyo nauza. Wewe ni mwalimu?"

"Mwandishi."

"Ahaa." Akanitazama viatu. "Ndiyo maana unanunua vyombo badala ya chakula."

Tulivutana mpaka jua likageuka. Mwisho akanipa, kwa bei ambayo ningeweza kuibeba nikifunga mkanda. Gunzi akanipa bure. (Kumbukeni hilo gunzi.)

Leo asubuhi nikaenda nacho kanisani, maana baada ya ibada ukoo wote huunganisha moja kwa moja kwa Baba Mkubwa. Nikakaa nyuma, mbali na ukoo, nikakificha chini ya benchi. Kwaya ikaimba, mtoto Yesu akazaliwa, mahubiri yakaanza, na moyo wangu ukawa mweupe kabisa. Nilishaiona picha: meza ndefu, vijiko vimenyamaza, mimi nasimama. "Baba, pokea."

Ndipo mama niliyekaa naye akaanza kujikuna miguu.

Sisimizi! Gunzi lilikuwa linavuja. Msafara ulishatoka ukutani, umepita chini ya mabenchi, na njia yao ilikatiza juu ya visigino vya yule mama. Nikakivuta kibuyu haraka nikakipakata. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Nikasikia ubaridi mzito ukiteremka kwenye suruali, mbele, mahali ambapo mtu mzima hatakiwi kuloa.

Kosa la pili sikulifanya mimi. Uliwadia wakati wa sadaka za mazao. Mnajua kwetu: mwenye kuku analeta kuku, mwenye mayai, mwenye boga, vinapelekwa mbele kwa wimbo, na baada ya ibada vinanadiwa nje, hela inakuwa ya kanisa. Watu wakasimama wakicheza kuelekea madhabahuni. Mimi nimekaa, nimekumbatia kibuyu kama mtu aliyeshika mimba. Mama mmoja mzee wa kanisa akaniona. Akaja mpaka kwenye benchi letu, mikono wazi, uso umejaa upendo wa Mungu.

"Lete, mwanangu. Usione haya. Bwana haangalii ukubwa wa sadaka."

Benchi zima likageuka.

Semeni ninyi. Ningemjibu nini? "Hapana mama, hii si ya Bwana, hii ni ya tajiri"? Siku ya kuzaliwa kwake Bwana mwenyewe?

Nikatoa. Mikono yangu ilitoa, mimi nikabaki nimekaa. Kibuyu kikaenda mbele kinanesanesa juu ya kichwa cha yule mama, katikati ya majogoo, na kwaya ikapandisha sauti.

Nikajipa moyo: nitakinunua tena mnadani. Nani atakigombea kibuyu cheusi?

Nje, chini ya turubai, viti vya mbele walikaa wazee na wenye uwezo, Baba Mkubwa katikati. Mimi nikajibana nyuma ya mama mwenye kilemba kikubwa (kwa ajili ya suruali). Dalali wetu ni mwalimu mstaafu mwenye sauti ya tarumbeta. Akauza majogoo. Akauza maboga. Kisha akakiinua.

"Asali! Imetoka porini, haijui sukari! Nani anafungua?"

"Elfu tano!" nikaropoka kabla hajafunga mdomo.

"Kumi," ikasema sauti ya mbele, taratibu, kama mtu anayeomba chumvi.

Sauti hiyo naijua. Ndiyo inayoniambia niandike.

Mtasema: si umwache anunue, kibuyu kifike kwake? Kingefika, ndiyo. Kingefika kama mali yake, na mimi ningefika mikono mitupu, kama kila mwaka.

"Kumi na tano!"

"Ishirini."

"Ishirini na tano!" (Hapo niliweka umeme, nauli na ugali wa wiki.)

"Thelathini."

"Thelathini na... na moja!"

Watu wakaangua kicheko. "Huyo wa nyuma si mtu," dalali akapaza sauti, "huyo ni nyegere, yule mnyama mla asali! Nyegere, hebu jitokeze tukuone!"

Mama wa kilemba, Mungu amsamehe, akasogea pembeni.

Baba Mkubwa akageuka kwenye kiti. Akaniona: jasho, mkono hewani, macho yamenitoka. Kwanza akatabasamu. Kisha tabasamu likalainika, likawa kitu kingine, na kile kitu nakifahamu. Ni ile huruma yake. Ndiyo hutangulia kabla mkono haujaingia mfukoni.

Nikatikisa kichwa. Nikapunga mikono. Hapana, Baba, hapana!

"Laki moja," akasema.

Turubai lilitaka kuruka kwa vigelegele. Naye akasimama, akasubiri watu watulie. "Na hicho kibuyu apewe mwanangu, Mwandishi. Kumbe kijana ana hamu ya asali kiasi hiki, na haniambii!"

Hakuna namna ya kupokea zawadi ya mnadani ukiwa umejificha. Unaitwa mbele. Ngoma inapigwa. Unacheza. Nikacheza, jamani, huku nimeziba suruali kwa kitabu cha nyimbo, nyuki mmoja ananizunguka kama aliyetumwa. Nilipopokea kibuyu, kitabu kikaanguka.

Dalali akatazama chini. Akatazama juu. "Ndugu zangu," akasema kwenye kipaza sauti, "hata kabla ya kukabidhiwa ameshajipaka!"

Kisha akanipa hicho kipaza sauti nimshukuru Baba Mkubwa. Nikasema, "Asante, Baba." Kurasa mia nne na kidogo nimeandika mimi. Sikupata neno jingine.

Chakulani, baada ya pilau, kila mtu akatoa zawadi yake kwa Baba Mkubwa. Dada Joyce alimpa koti. Zamu ikanifikia. Nikasimama na kibuyu, kama nilivyoota, na vijiko kweli vikanyamaza.

"Baba, kibuyu hiki..."

"Kaa, mwanangu. Umeshashukuru."

"Sishukuru, Baba. Nasema hiki ni chako."

Meza ikalipuka. "Unampa Baba alichokununulia Baba?" Dada Joyce akauliza, machozi ya kicheko yanamtoka.

"Nilikileta mimi kanisani!"

"Wee! Tulikuona umekitoa kwa dalali, umekikumbatia kama mchumba."

Baba Mkubwa akainua mkono. "Msimcheke mdogo wenu," akasema kwa upole ambao sitausahau. "Moyo wa kutoa anao. Ni cha kutoa tu ndicho hana. Mwanangu, mkono uliotoa haupokei tena. Kula asali yako."

Nikakaa.

Akakitazama kile kibuyu kando ya sahani yangu. "Ila nitawaambia," akasema. "Nilipokiona kimeinuliwa, na lile gunzi, nilimwona baba yetu anarudi kutoka kwenye mizinga kule Kinampanda. Alikuwa anatuita kabla hajafika nyumbani, tukimbie tukalambe gunzi." Sauti ikamshuka, akamalizia maneno mawili matatu kwa Kinyiramba, na Mama Mkubwa, mkewe, akamshika mkono. "Nilikitaka kwa ajili yangu mwenyewe. Sijui ni nani alikitoa sadaka. Mungu ambariki huyo mtu. Amenipa Krismasi bila kunijua."

"Amina," meza nzima ikaitikia.

Na mimi nikasema Amina. Kwa sauti kubwa kuliko wote.

Wakati wa kuondoka nikakiacha kibuyu nyuma ya kiti chake, kimyakimya, nikatoka mbio. Nilikuwa nimeshapanda boda. "Mwandishi!" Dada Joyce anakimbia pekupeku kwenye tope, kibuyu juu. "Mwandishi, umesahau asali yako!" Akanipakatisha mwenyewe. Dereva wa boda akakiangalia kibuyu, akaiangalia suruali, akawasha pikipiki bila kusema neno. (Ni mtu muungwana, nimempenda.)

Na mfukoni, nilipoingiza mkono kutafuta nauli, nilikuta kitu. Mnajua ni nini. Hata sikumsikia akikitia.

Kwa hiyo niko chumbani. Kibuyu kiko mezani juu ya muswada, kinavuja kwenye sura ya kwanza. Dada Joyce, najua umo humu. Lakini hujawahi kumaliza hata mistari mitano ya maandishi yangu, kwa hiyo siri ya aliyetoa ile sadaka iko salama kabisa. Ninyi wengine, msicheke.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Leo wangu haukuwa mtupu. Nimekaa hapa naulamba mwenyewe.