Jogoo Aliyemeza Vidonge vya Mzee

Jumatatu, 4 Machi
Na yule jogoo naye akakitema. Andika hivyohivyo, mkwe, usininyooshee maneno. Nikambana magotini, mara ya pili kikakaa.

Yote sababu ya nesi. Mzee wangu anameza vidonge vya kifua kikuu, macho yameanza umanjano. Nesi alishasema hivyo vidonge huweza kuumiza ini, tukiona manjano tukimbie kwao. Nikimbie na goti hili? Nikamwambia nina majani yangu machungu, nayachemsha, yanakinga ini. Akanitazama kama katiwa ndimu jichoni. Ati hayajapimwa. Nyani mzee kakwepa mishale mingi, yeye hata upinde hajauona.

Haya, tupime. Redioni walisema wataalamu hupimia panya. Panya wangu hawashikiki. Basi jogoo anapata kidonge na maji ya majani, tetea kidonge kitupu. Vidonge natoa kwenye fungu la mzee. Haoni vizuri, mimi ndiye namtilia mkononi. Yeye nampa maji ya majani tu, ini lipumzike.

Ijumaa, 8 Machi
Macho ya mzee meupe kama sahani. Nimewaita majirani waje kuyatazama. Jogoo mzima, tetea mzima. Sijui ndiyo nini, lakini nimeshinda. Yule jirani Mdomo Kijiko akauliza mbona mzee kaanza tena kukohoa. Kijicho hicho. Mzee wake alikufa na ini lake bovu, nani alimchemshia jani?

Jumatano, 13 Machi
Mzee kalowa jasho, anakohoa mpaka kitanda kinahama. Hapo nikaogopa, nikamwita nesi. Hata kiti hakutaka. Akamuuliza mzee mkojo wake rangi gani. Mzee akasema rangi ya mkojo. Nesi akasema anayemeza vile vidonge hukojoa rangi ya chungwa. Kisha akachungulia uani. Mavi ya jogoo, chungwa tupu, mpaka ukutani.

Akaniuliza, mama, humu ndani anayeumwa kifua ni nani?

Watu wa kliniki wakamchukua mzee, wakampima damu. Sasa atarudishiwa dawa pole pole, akimezea mbele yao kila siku. Wewe mkwe ulilia. Mimi nilishika begi, mtu mmoja lazima awe na akili.

Alhamisi, 28 Machi
Mzee anapata nafuu. Daktari anasema ini lilitulia kwa kukosa dawa, na kifua kikaharibika kwa kukosa hiyohiyo. Maneno ya kuzunguka nyumba huku mlango upo wazi. Ini limetulia, nani alikuwa akilinywesha majani?

Kosa lilikuwa jogoo, anachafua hadharani. Nimepata bata. Bata hujisaidia majini, nani ataona rangi? Kidonge nimemwambia mzee anifichie shavuni akiwa kliniki. Alikohoa tu, lakini mimi naijua ndiyo yake.

Huyo ananiita, anataka fimbo aende kliniki. Naja, mzee. Mkwe, weka kalamu, mshike bata.